Dawa Haitaki Maziwa

Blandina alikinyanyua kibuyu cha maziwa, akakimwaga chote mlangoni. Ulikuwa mwaka wa ukame, 1984, na Ngorongoro nzima hapakuwa na mtu wa kumwaga maziwa.

"Nilikwambia nini, Mama Parsimei?"

Namunyak aliyatazama yakinywewa na vumbi. Nyuma yake, kwenye kitanda cha ngozi, mwanawe Parsimei, morani wa miraba minne, alitetemeka kwa homa ya papasi. Hata kukaa hakuweza tena.

Muuguzi gani asingepandwa na hasira? Alikuwa ameacha wagonjwa zahanati, akapanda mlima kwa miguu. Na si kwamba hakuwaeleza. Aliwaeleza taratibu, kama watoto wa darasa la kwanza: kapsuli hizi zikikuta madini tumboni, kama hayo ya kwenye maziwa, hushikana nayo zisiachane. Zikishashikwa haziwezi kumshika mdudu wa homa. Zinatoka na choo, kazi bure. Wakaitikia, wakarudi bomani na ukaidi wao. Sasa ukaidi huo unaua mtu.

Namunyak alisema mwanawe hajaonja maziwa tangu augue. Morani hanywi maziwa bila mwenzake wa rika, na wenzake wote wamepeleka ng'ombe malishoni Oloipiri. Kibuyu kile kilikuwa cha wadogo zake.

Blandina akamjibu kwamba hadithi hizo awasimulie watalii. Yeye ni mtoto wa Endabash, jirani tu na hapa, visingizio vya wagonjwa amevisikia vyote, na hiki kilimchefua kuliko vingine.

"Dawa anameza na nini?"

"Maji, sista. Kama ulivyoagiza."

"Nionyeshe."

Namunyak alikiinua kichwa cha mwanawe. Akafungua fundo la kanga, akatoa kapsuli moja, na kidonge kimoja chekundu. Akamwekea vyote viwili ulimini, akamsogezea kikombe.

Blandina alikitazama kidonge chekundu.

"Hicho... unampa pamoja?"

"Si ulimfunua macho ukasema ni meupe, damu imepungukiwa madini ya chuma? Ukanipa hivi wewe mwenyewe. Nampa pamoja kila mara, nisije nikasahau hata kimoja."

Blandina alirukia kinywa cha mgonjwa kwa vidole. Parsimei alikuwa ameshameza.