Kiti cha Pili Katika Kibanda cha Lionel

Kiti kilikataa kushika moto upesi. Muriel alikichochea kwa mpini wa reki, akaongeza magazeti, akasimama kando na aproni yake akingoja kiwake. Mdogo wake, Mavis, alikuwa mlangoni mwa kibanda amekumbatia ndoo ya rangi. Alimuuliza kama ana hakika, maana kiti chenyewe kilikuwa kizima, na mto wake mgumu kana kwamba umetoka dukani jana.

"Nina hakika," Muriel akasema. "Hicho ni kiti cha Beryl."

Beryl alikuwa jirani yao, mjane, ua kwa ua. Kibanda kilikuwa cha Lionel, mumewe Muriel, aliyezikwa mwezi Machi. Lionel alifanya kazi miaka arobaini kwenye reli ya Yorkshire, akikaa peke yake katika chumba cha kuongozea treni kwa ishara na kuandika daftarini saa ya kila treni, na kama ilisimama au ilipita. Alipostaafu alihamia kwenye kibanda mwisho wa bustani yao, akashinda humo kila siku kwa miaka kumi na tisa. Nyumbani alisema asante, alisema usiku mwema, basi.

Muriel hakuwahi kukanyaga humo. Mama yake alimlea hivyo: banda la mume haliingiwi mpaka ualikwe. Kila alasiri saa kumi alipeleka chai, akaiweka juu ya chungu cha maua kilichofudikizwa nje ya mlango, akagonga mara mbili na kurudi jikoni kwake. Mwaliko hakuupata. Alijiambia kwamba mumewe ni mtu wa kimya tu, wala hana neno na mtu, na kwa kujiambia hivyo aliweza kuishi.

Baada ya mazishi alichukua ufunguo akaenda kufungua. Ndani palikuwa na viti viwili vikitazamana mbele ya jiko la mafuta ya taa. Cha Lionel kilikuwa kimebonyea na kuchakaa. Cha pili kilikuwa kimepunguzwa miguu kwa msumeno, kimfae mtu mfupi, na kando yake palikuwa na kopo la biskuti za tangawizi. Lionel hakuzigusa biskuti hizo kwa sababu ya kiungulia.

"Hata biskuti ninazozipenda mimi kampa Beryl," alimwambia Mavis siku hiyo. "Mtu mwenyewe mfupi kama mimi, tena hana shingo."

Alicheka aliposema, kisha akalia mpaka Mavis akamshika mabega. Kilichomkata maini ni kwamba kumbe Lionel alikuwa na maneno. Alikuwa nayo siku zote, akiyapeleka kwa mwingine, na yeye mkewe akibakiziwa asante na usiku mwema. Alitaka mtu amwambie kama aliwahi kupendwa hata siku moja, na wa kumwambia alikuwa kaburini.

Mavis ndiye aliyeleta gazeti la wanawake lenye picha za vibanda vya bustani vilivyogeuzwa kuwa mahali pa kupumzikia, vya kupendeza mno. Wakafanya kazi wiki tatu. Zana za Lionel zilipelekwa kanisani. Ngazi yake ya mbao ililazwa ukutani ikawa rafu ya vitabu, makreti ya matofaa yakawa meza, na ndoo yake ya kumwagilia maua ikatobolewa ikawa kifuniko cha taa. Kuta zilipakwa kijani kilichofifia. Muriel alipiga brashi kwa hasira, akitaka isibaki hata harufu ya tumbaku ya Lionel.

Siku ya kiti, Beryl aliona moshi akaja mpaka kwenye ua.

"Muriel, si kile kiti?" akauliza. "Jamani. Alikihangaikia sana kile. Nilimsikia na msumeno wiki nzima."

"Ulimsikia, au ulikuwa umekikalia?"

Beryl akawa mwekundu mpaka masikioni. Alisema hali ya hewa inaelekea kubadilika, akarudi kwake, na Muriel akaona hapo amejibiwa.

Ulibaki mlango. Wiki zote hizo ulikuwa umefunguliwa kwa nje na kuegemezwa ukutani, upande wake wa ndani usionekane na mtu. Mavis aliufunga, akapaka rangi nusu ya juu haraka haraka bila miwani yake, akaishia pale lilipotundikwa koti la reli la Lionel, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai. Muriel aliliondoa koti alitupe motoni.

Chini ya koti mbao zilikuwa zimejaa maandishi ya penseli, mistari midogo iliyonyooka, mwandiko ule ule wa daftari la treni. Ilianzia juu, ndani ya rangi mbichi, ikashuka mpaka karibu na sakafu. Muriel alivaa miwani yake. Alitazama nje dirishani, kiti kilikuwa kimeshika vizuri sasa, kimebaki miguu. Akapiga magoti, akasoma ya mwisho mwisho, ya mwezi Februari.

"Saa 10:02. Amegonga. Hakuingia.

Saa 10:00. Amegonga. Hakuingia.

Saa 10:05, mvua. Nimewasha jiko mapema. Amegonga. Hakuingia."