Jina la Mwisho Kwenye Orodha

Katika ofisi ya wakala wa mabaharia jijini Iloilo, Marivic alibakiwa na jina moja kwenye orodha ya mabaharia. Asiyethibitisha barua pepe yake alipaswa kufutwa kwenye mfumo kabla ya saa sita mchana.

Lilikuwa jina la mdogo wake, mpishi wa meli iliyonyamaza tangu kimbunga, siku tisa zilizopita.

"Futa tu, dada," mwenzake alinong'ona. "Usijitese."

"Namtumia tena kiungo cha kuthibitisha. Huyu hata kula alikuwa anaitwa mara tatu."

Akabonyeza. Kahawa yake ikapoa mpaka ikafanya utando.

Kisha, pembeni ya jina, alama nyekundu ikageuka kijani.

Ofisi nzima ikasimama. Marivic akagusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kidole, polepole.

"Ameitika," akasema.