Mahari Inayokula Stima

Mzee Makori alizunguka nyuma ya kompyuta, akaipapasa mgongo, akauliza imezaa mara ngapi.

"Haijazaa, mzee," alisema Meena, binti ya Chandulal mwenye duka. "Ni mpya kabisa."

"Ng'ombe wote huambiwa ni mitamba," mzee akamnong'oneza Alfayo, mtoto wa kaka yake. "Ukifika nyumbani ukifungua mdomo, meno hakuna."

Hapo ni mjini Kisii, mwaka wa tisini na saba, na aliyekuwa akitokwa jasho kuliko wote dukani ni Onchiri. Mahari aliyodaiwa na ukoo wa Alfayo ilikuwa imekubaliwa yote, kasoro mnyama mmoja. Ng'ombe, Alfayo alisema, anao mpaka wanamkera. Badala ya fahali wa mwisho aletewe kompyuta ya kurekodia muziki. Alfayo alikuwa mpigaji wa obokano, lile zeze kubwa la nyuzi nane linalonguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Kuna watu wa studio huko Nairobi walishamrekodi, wakauza kaseti, wakamwachia yeye sifa. Sasa alitaka studio sebuleni kwake Ogembo, waya wa stima si umefika, na kama ni kuibiwa, basi ajiibie mwenyewe.

Kompyuta isipompendeza Alfayo, dada yake Tryphosa hatoki. Alikuwa huko huko Ogembo, jikoni kwa kaka yake huyo, shangazi wamemzunguka, na Onchiri alikuwa ameambiwa waziwazi kwamba ukoo huu hautoi mke kwa mkopo. Maskini, alimpenda yule mwanamke vibaya sana. Kwa wiki kadhaa alikuwa akijipikia ugali mbichi na kuula hivyo hivyo. Asubuhi ile alinyoa kichwa na ndevu mpaka akang'aa kama kibuyu, akafunga tai, akaja kusimama mbele ya wakwe.

"Kijana, sogea," Alfayo alimwambia. "Unatuzibia."

Akasogea.

"Hii iko aje kwa muziki?" Alfayo akauliza, mkono juu ya ile ya kwanza.

"Hiyo ni ya barua na hesabu," alisema Meena. "Haina kadi ya sauti. Utaipigia mpaka ulie na haitakusikia."

"Kwa hivyo unaniuzia kiziwi?"

"Sijakuuzia. Ni wewe umeishika."

Ya pili ilisikia. Meena alichomeka maikrofoni, Alfayo akafungua gunia, akatoa obokano, akapiga kidogo tu. Watu waliokuja kununua betri za redio wakasahau betri. Lakini Meena alipoirudisha ile sauti, nyuma ya muziki palikuwa na mtu anakoroma.

"Ni feni yake hiyo," Meena alisema. "Huwezi kuizima, mashine itachemka."

"Kijana, hebu ingia chini ya meza usikize vizuri."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Onchiri akaingia na tai yake, magoti yakalia, akatega sikio. Alitamani kusema uongo, lakini duka zima lilikuwa linasikia.

"Inakoroma, shemeji," akakiri.

"Mmesikia wenyewe," Alfayo akawaambia watu wa betri. "Huyu anataka kuoa dada yangu kwa mgonjwa wa kifua."

Watu wakacheka. Onchiri naye akacheka, angefanya nini, ila moyoni aliona Tryphosa anazidi kwenda mbali. Akatoka chini ya meza pole pole, akamwangalia Meena kama mtu anayeomba maji.

Meena alivuta pumzi, akaingia stoo, akarudi amekumbatia mashine nyingine.

"Hii nilimwekea kaka yangu Sanjay. Diski yake ni kubwa, maana sauti hula nafasi kuliko barua. Kumbukumbu nimeiongeza mwenyewe. Feni yake haisikiki. Sanjay atanichinja, lakini afadhali kuliko nyinyi mlale hapa."

Alfayo akapiga wimbo mzima, pamoja na ule ubeti wa kuwasuta wakwe wabahili, ambao aliurudia bila kuombwa. Kisha akakaa kujisikiliza. Hakupepesa macho. Wimbo ulipokwisha alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Huyo mtu ni mwongo," alisema. "Anapiga kunishinda."

"Haina mkia," akasema Mzee Makori, kwa sababu mkaguzi asipopata kasoro ataulizwa alikuja kufanya nini.

Meena akamwonyesha kipanya na waya wake. Mzee akauvuta kidogo, akautazama mpaka mwisho, akakubali.

Alasiri hiyo hiyo mashine iliwekwa sebuleni Ogembo, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Ikawaka, ikasikia, wala haikukoroma. Alfayo akampa Onchiri mkono, akatangaza mbele ya ukoo kwamba kuanzia leo hakuna neno, dada yake ameolewa. Shangazi wakapiga vigelegele. Onchiri alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akalia mbele ya watu wote na hakuona aibu.

Tryphosa akatoka jikoni na sanduku lake. Nyuma yake akaja Kwamboka, mtoto mgongoni, akapita katikati ya shangazi mpaka alipokaa Onchiri.

"Pole na kazi, baba," alisema. "Sasa kwa vile umemwoa mama, miaka yote hii baada ya kunizaa, na mila inakuruhusu kupokea mahari yangu, niwaambie watu wa kwa mume wangu waingie nayo? Wako hapo kwa geti tangu asubuhi, na ng'ombe wao wanamaliza migomba ya mjomba."