Simu Zilizosinzia

Nyota moja. Halafu nyingine. Kila fundi alipofungua ukurasa wa programu yake, alikuta mtu mwingine amempa nyota moja na tusi la kuisindikiza.

Programu yenyewe ilikuwa ndogo, aliitengeneza peke yake kwenye meza ya kulia chakula. Ilikuwa ya wazazi viziwi. Simu moja inawekwa karibu na kitanda cha mtoto, nyingine anabaki nayo mzazi. Mtoto akilia, ya kwanza inasikia na ya pili inawasha taa. Watu waliizoea, wakaanza kulala usingizi wa maana. Kisha kampuni inayotengeneza simu hizo ikaleta toleo jipya la mfumo wake, eti la kubana chaji. Toleo hilo likawa linailaza kila programu inayosikiliza, kioo kikizimika tu. Simu za kando ya vitanda zikasinzia, na wazazi hawakuambiwa chochote.

Lawama hazikwenda kwenye kampuni. Kampuni ina jengo lenye walinzi, na fundi ana barua pepe tu. Baba mmoja alimwandikia hivi: "Mwanangu kaanguka kitandani, kalia mpaka usingizi ukamchukua sakafuni. Nimemkuta asubuhi. Hivi wewe una mtoto kweli?"

Aliusoma ujumbe huo, akalaza paji la uso mezani. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

Kampuni alikwisha kuiandikia, tena na tena. Jibu lilikuwa lile lile: tunashukuru kwa maoni yako. Kwenye jukwaa la mafundi wenzake hali ilikuwa mbaya vile vile. Mwenye programu ya kukumbusha dawa, mwenye ya kupima mapigo ya moyo, wote walikuwa wanalia na kusaga meno. Mmoja akaonya kwamba toleo jipya limeharibu hata kinasa sauti, kwamba sasa feni ya kawaida inaingia na kishindo cha mashine ya kusaga.

Wifi yake, dada wa mumewe, alitoka chumbani akamgusa bega.

"Wifi, kunywa chai basi. Imeshapoa."

"Ngoja kidogo. Siwezi kuongea huku nachapa."

Wifi akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamsubiri mpaka alipoinua mikono kwenye kompyuta.

"Mwanao kalala. Mimi nakwenda dukani, sabuni imeisha. Na wewe lala kidogo, umekonda shingo hiyo."

"Nikilala nani atawajibu hawa?"

"Si waliovunja ndio wajenge?"

"Wangekuwa wanajenga, wifi, mimi ningekuwa hapa?"

Wifi alicheka, akachukua mkoba wake akatoka.

Fundi alirudi kwenye kazi yake, na mchana ulipokuwa unakatika akapata upenyo: kioo cha simu inayosikiliza kibaki na mwanga kidogo, hafifu, ili mfumo udhani kuna mtu anaitumia. Ulikuwa ujanja wa kuvizia, na fundi mwenye heshima zake hajisifu nao, lakini alikuwa ameshapita kwenye kujali heshima. Akaipeleka simu moja chumbani, akaiweka juu ya stuli karibu na kitanda. Ya pili akaiegemeza kwenye kompyuta, akakaa kuitazama.

Taa ikawaka.

Aliruka, akakimbilia chumbani. Mtoto alikuwa fofofo, mdomo wazi. Pazia tu lilikuwa linapigapiga dirishani. Kumbe yule wa jukwaani alisema kweli, kinasa sauti kimeingia wazimu. Akarudi, akapunguza usikivu wa programu.

Ikawaka tena. Akainuka tena, akachungulia. Mtoto hata hakuwa amejigeuza. Akafunga dirisha, akarudi, akapunguza tena.

Ilipowaka mara ya tatu, miguu iligoma. Alikwisha kwenda na kurudi kama mjinga kwa sababu ya pazia, na barua pepe zilikuwa zinazidi kumiminika. Alibaki pale pale kitini, akapunguza usikivu. Taa ikaendelea kuwaka. Akapunguza zaidi, huku akiilaani kampuni na ukoo wake wote. Akapunguza kwa mara nyingine, na hatimaye taa ikazimika.

Akasubiri, asiamini. Haikuwaka. Akasubiri tena, akautazama mwanga hafifu wa jioni ukisogea juu ya meza, na taa ikabaki imetulia kabisa. Hapo akaandika maelezo mafupi ya kuomba radhi, akalituma toleo lake la marekebisho kwa watumiaji wote.

Shukrani hazikuchelewa. Miongoni mwa za mwanzo ilikuwa ya yule baba: "Nimeshaiweka, fundi. Naona simu ya chumbani haisinzii tena. Unisamehe kwa maneno yangu ya asubuhi. Leo na mimi nitalala."

Fundi alijifuta machozi kwa kiganja. Akaegemea kiti, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu toleo lile litoke mabega yake yakalegea.

Alipoyafumbua, wifi alikuwa ameshapita mbele yake mbio, mlango wa nje ukiwa wazi na sabuni zimetapakaa sakafuni. Akatoka chumbani amembeba mtoto, uso umemvimba, nguo imelowa machozi na kamasi. Wifi alimhamishia kiunoni ili apate mkono mmoja wa kuongelea, akamwambia kwa vidole:

"Majirani wamejaa nje kwa kilio chake. Taa yako haikuwaka?"