Propani Moja, Oksijeni Tano

Mama mkwe alikuwa ameliziba dirisha la bafuni kwa nailoni, eti baridi isiingie. Hita ya gesi ilikuwa humo humo, inawaka.

"Mama, dirisha hilo ni la hewa," mkwewe, mwalimu wa kemia, alimwambia. Akaandika kwa kidole kwenye kioo kilichojaa mvuke. "Propani moja inadai oksijeni tano, ndipo pande mbili za mlinganyo zilingane. Ukiipunja, inatoa sumu isiyo na harufu."

Mama mkwe akakifuta kioo kwa taulo. "Ya shule yaache shule. Hapa ni kwangu."

Akamtoa nje, akajifungia kwa komeo.

Mwalimu alibaki mlangoni. Alisikia maji, kisha kikohozi, kisha kishindo. Akaita. Hakujibiwa.

Tangu aolewe hakuwahi kumsikia mama huyu akikosa neno. Kwa pumzi moja aliusikiliza ule ukimya, akauona mtamu.

Kisha akakimbilia uani, akafunga mtungi wa gesi, akalivunja dirisha kwa mchi. Kioo kilimchana kiganja alipokuwa akiing'oa nailoni.

Mama mkwe alikuwa ameanguka sakafuni. Baada ya muda alifumbua macho.

"Umenivunjia dirisha," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Ndiyo, mama," mwalimu akajibu, damu ikimchuruzika. "Na silitengenezi."