Manyoya Kumi na Mawili

Usigeuze uso, mwenyekiti. Ukitajiwa msitu ule unajifanya umepaliwa, kama ulivyojifanya walipofukia chemchemi ya kwanza ya kijiji chetu. Mimi sisahau.

Ndege aliyeokotwa amekufa msituni humo alilala kifudifudi mezani, mdogo kama njiwa. Dada yangu, mchunaji wa ngozi za ndege katika maabara kwa miaka ishirini na sita, akautandaza mkia wake kwa kidole. Kipanga wa kawaida mkia wake ni mistari mitupu. Huyu alikuwa na madoa mawili meupe, moja kwenye kila unyoya wa katikati.

"Bosi, huyu ndiye yule adimu. Sheria inasema akipatikana, msitu haukatwi."

"Mama, kwa umri wako hata nzi utamwita tai," mkuu wa maabara akacheka. "Andika wa kawaida."

"Macho yangu mabovu, sawa. Na yako je? Kijiji chetu kizima kinakunywa maji ya msitu huo."

Mkuu aliyashika manyoya mawili ya katikati, akayang'oa, akayatia mfukoni. Ngozi ililia kidogo, kama uzi unaokatika.

"Haya, tazama tena. Unaona doa?"

Dada alivitazama vile vishimo viwili. Kisha akaandika: wa kawaida. Nilikuwa mlangoni na ndoo ya deki, nami nikaendelea kufuta sakafu.

Misumeno inaingia msituni leo. Mkia wa kipanga una manyoya kumi na mawili. Ndege yumo kwenye droo ya tatu ya maabara, upande wa dirisha. Inuka sasa hivi, nenda ukahesabu.