Sinia Lililorudi Ukutani

Hebu wazieni, watoto wangu, ukuta unaompa kila mgeni kile anachosema anataka. Kanga alikuwa na ukuta wa namna hiyo nyumbani. Siku moja alimwalika jirani yake Ngiri, mpenda adabu, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana.

Ukuta ukafunguka, likatoka sinia la viazi vitamu vya moto.

"Karibu chakula, Bwana Ngiri," ukasema ukuta.

"Ah, nimeshiba," akajibu Ngiri, akingoja kubembelezwa kama wageni wote.

"Sawa," ukasema ukuta, na sinia likarudi ndani.

Likaja la mahindi ya kuchoma.

"Usijisumbue, ndugu yangu," akasema Ngiri huku mate yakimdondoka. Nalo likarudi.

"Kwani wewe hukufundishwa kubembeleza?" akafoka.

"Nilifundishwa kutii."

Kanga akacheka mpaka akadondosha unyoya. "Jirani, una njaa au huna?"

Ngiri akainamisha kichwa. "Ninayo. Tena nakufa!"

Papo hapo masinia yote mawili yakatoka.

"Nikuonge—" ukaanza ukuta baadaye.

"Ongeza!"

Basi mkikaribishwa chakula kesho, nawaomba mkumbuke lile sinia likirudi ukutani.